Miaka Kumi Niliyoiponda

Dada yangu Enesi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya turubai la lori la mtu, kwenye foleni ya magari yanayosubiri kuvuka. Dereva amekwenda kuulizia karatasi zake, akaniachia mpasuko wa mikono miwili niushone. Nimeshamaliza, ila sitamwambia mpaka nimalize na wewe. Ungekuwepo ungesema huo ni wizi wa muda wa mtu, kisha ungeniambia nisogee upate pa kukaa.

Watu wakiwaandikia marehemu wao huwaambia kwamba wanawakumbuka. Hilo unalijua, sitakupotezea muda. Mimi nina shughuli. Kuna mazungumzo tuliyaacha katikati, wewe na mimi, na aliyeondoka kabla hayajaisha ni mimi.

Unalikumbuka turubai la kijani? Ilikuwa wiki yangu ya kwanza Tunduma. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Isansa na begi moja na sindano kubwa ya kushonea magunia, nikiamini mtu mwenye sindano halali njaa. Wewe tayari ulikuwa muuza maharage mwenye meza yako, unajulikana pande zote mbili za mpaka. Ukanichukua tukavuka kwa miguu hadi Nakonde, tukasimama mbele ya mama mmoja Mzambia mwenye turubai zito, limeshonwa mara mbili mbili. Nikasema, "Dada, hili zuri sana!" Ukanikanyaga mguu. Kidole kile mpaka leo mvua ikitaka kunyesha kinaniambia.

Halafu ukaanza kazi. Ulilishika lile turubai kwa vidole viwili kama kitu kilichotapikiwa. "Mukwai," ulimwambia yule mama kwa heshima zote za Kibemba, "hili ni turubai au chandarua?" Ukalinusa. Ukatafuta tundu, ukalikosa, ukasikitika kana kwamba umeliona. Ukataja bei ambayo hata mimi niliona aibu. Yule mama akasema, "Awe, mukwai, awe," yaani hapana na hapana tena, akaanza kulikunja. Ukageuka ukaondoka. Nilikufuata machozi yakinilenga, maana riziki yangu yote niliiona imebaki pale.

"Usigeuke," ulininong'oneza. "Tembea kama mtu mwenye safari."

Hatua ya kumi na nne, nyuma yetu ikasikika sauti: "Iseni, mukwai! Njooni basi tuongee!"

Ukarudi, ukaongeza, naye akapunguza, mkaagana mkicheka kama mashoga wa siku nyingi. Njiani, turubai likiwa kichwani mwangu, ukanipa somo. "Lameki, kitu unachokitaka sana, kiponde. Ukikisifia mbele ya mwenye nacho, umekwisha. Ila ukishakiponda, rudi uongeze. Asiyerudi huyo si mnunuzi, ni mtu mwenye mdomo mchafu tu."

Lile somo lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza imenilisha miaka yote hii. Nusu ya pili ndiyo inayoniandikisha barua leo.

Kwenye kuuza nako ulikuwa na sheria yako. Hukumwita mnunuzi aliyeondoka. Wenzako walipiga kelele, "Rudi kaka, njoo tuongee!" Wewe ulichukua punje ya haragwe, ukaing'ata kwa jino la pembeni kusikia kama imekauka, ukatazama pengine. "Kama anakitaka atarudi," ulisema. "Nikimwita nimemwambia nina shida." Na walirudi. Nimeona wanaume wazima wakizunguka soko zima na kurudi kwako wamenywea.

Siku ulipoanguka ulikuwa unapima. Mkono wa kulia ukaachia kopo la sado, maharage yakatawanyika chini ya meza za watu, mdomo ukaenda upande. Wenzako wa sokoni walikuokota wewe kwanza, maharage baadaye. Kwa soko letu, dada, huo ni upendo mkubwa. Hospitali wakatuambia ni kiharusi, na kwamba utaishi. Walilisema hilo la kuishi kwa namna ambayo sikujua kama ni habari njema au ni onyo.

Tukakuleta kwangu, chumba kinachopakana na sebule. Mlango wa mbao tuliung'oa ili kitanda kipite, haukurudi tena, tukaweka pazia. Mke wangu, Mama Eliza, akawa mikono yako na miguu yako. Yeye ndiye aliyekuogesha, akakuvalisha, akakugeuza. Desturi yetu mwanaume hamwogeshi dada yake. Desturi nyingi nimezipuuza maishani, lakini hiyo niliiheshimu haraka sana.

Miaka mitatu. Ulikuwa na kikombe cha bati na kijiko, mkono wa kushoto ukawa kengele yetu. Gonga moja, maji. Gonga mbili, nigeuzeni. Gonga tatu, kuna mtu amepita dirishani na ninataka kujua ni nani na alikuwa na nani. Gonga tatu zilikuwa nyingi kuliko zote.

Yule dada wa nyanya aliyepita na beseni kila asubuhi, ulimmaliza. Ulimwita dirishani, ukaulegeza mdomo wako uliokwisha kulegea, ukasema kwa ile sauti ya kuburuza, "Mwanangu, mimi ni mtu wa kufa kesho. Nyanya tatu nitazifanyia nini? Weka tano." Akaweka. Ulikufa kesho kwa miaka mitatu, na ile nyumba haikukosa mchuzi.

Nayataja haya kwa sababu kwenye kadi hayakuwepo. Nitafika kwenye kadi.

Yule binti wa kadi aliletwa na mwenyekiti wa mtaa, saa nne asubuhi. Jina lake Zuhura, ana kishikwambi, ana viatu ambavyo havikuwa vimetarajia vumbi letu. Kiswahili chake cha kwao pwani kilikuwa laini mpaka nikajisikia kama nimekuwa nikiongea na mawe mdomoni maisha yangu yote. Akasema wanafanya utafiti wa afya, wamechagua nyumba kadhaa kwa bahati nasibu, na yetu imo. Akauliza tunaishi wangapi watu wazima. Nikataja: mimi, mke wangu, dada yangu ambaye ni mgonjwa. Kishikwambi kikafikiri kidogo, kikanichagua mimi. Mara ya kwanza kuchaguliwa kitu hapa Tunduma bila kumjua mtu.

"Baba, hakuna jibu la kupata wala la kukosa," alisema. "Tunataka kujua wananchi wenyewe wanazithamini vipi hali za afya." Akanieleza taratibu, na mimi nikaelewa, usije ukadhani sikuelewa. Kwenye kioo inatokea kadi, nayo inakuwekea maisha mawili. Upande mmoja, miaka kumi ya kuishi na hali fulani ya ugonjwa. Upande wa pili, miaka michache zaidi, lakini ya afya tele, halafu basi, unakufa. Wewe useme upande upi bora, naye anaipunguza na kuiongeza ile miaka mpaka afike mahali unaposema hapa pande zote sawa. Ukikubali kupoteza miaka mingi ili uwe mzima, maana yake ule ugonjwa unauona mzito. Majibu ya watu wengi yakikusanywa, serikali inapata kujua ni hali zipi wananchi wanaziona mbaya zaidi, ili ikipanga dawa na matibabu isipange kwa kubahatisha.

Ni wazo zuri. Hata leo nasema ni wazo zuri. Kosa lao ni kulileta Tunduma.

Kwa sababu fikiria, dada. Mtu anakuja nyumbani kwako mpakani, anakuwekea mezani vitu viwili, anakuuliza uko radhi kutoa ngapi upate hiki. Hapa kwetu hilo lina jina moja tu, na watoto wanalijua kabla hawajajua kusoma.

Kadi ya kwanza ilikuwa nyepesi: anatembea kwa shida kidogo, mengine yote mazima. "Fikiria wewe ndiye uko hivi," akasema Zuhura.

"Mimi? Ishindwe!"

"Ni kufikiria tu, baba."

"Hata kufikiria, ishindwe. Mfikirie mwenyekiti."

Mwenyekiti, aliyekuwa bado mlangoni akisubiri chai, akakohoa na kuaga.

Akaniuliza, miaka kumi ya kuchechemea au tisa ya uzima? Nikamwambia tisa ni kidogo, aweke tisa na nusu. Akaweka. Nikamwambia sasa aongeze kidogo, mteja wa kwanza huyu. Akacheka, "Baba, mimi siuzi." Nikamwambia najua mwanangu, wote huwa tunasema hivyo.

Baadaye nilisikia mtaa mzima ulimfanyia hivyo hivyo. Jirani yetu muuza miwa alidai apewe kumi na miwili. Mzee Hamisi mwenye malori, yule wa Singida, alimkaribisha vizuri, akamnywesha kahawa, akamwambia miaka si yake bali ya Mwenyezi Mungu, hawezi kuipunguza wala kuiongeza, na kama ana swali la mafuta ya dizeli aulize.

Kadi ya nne au ya tano, binti akasoma polepole: "Hawezi kutembea kabisa. Hawezi kuoga wala kuvaa mwenyewe. Hawezi kufanya shughuli zake za kila siku. Ana maumivu kiasi. Ana huzuni kiasi."

Nilisikia kijiko chako nyuma ya pazia. Ulikuwa unakoroga uji.

"Baba, kati ya kuishi hivi miaka kumi, na kufa sasa hivi bila kuishi hivyo, kipi bora?"

Na mimi, fundi wa kuponda, mwanafunzi wako, nikakunja uso kama ulivyoukunja mbele ya lile turubai la kijani. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Hayo nayo ni maisha? Huyo ni mtu au gunia? Bora kufa."

Kisha nikasubiri. Ndiyo taratibu. Nimeshaponda, sasa zamu yake: aniambie ongea vizuri baba, mtu huyo si ana ndugu, si anakula, si anacheka? Nami nijikune kichwa, niongeze. Nilikuwa tayari kuongeza, dada. Nilikuwa nayo mdomoni.

Zuhura akasema, "Asante, baba." Akaniuliza mengine mawili ya namna ile ile, nikayajibu vile vile kwa kuwa bado nilikuwa nasubiri, akabonyeza kioo, kadi ikaondoka. Ikaja ya mtu anayeumwa mgongo.

Kijiko kilikuwa kimenyamaza.

Zuhura alitazama pazia, akanitazama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Yule dada mgonjwa yupo humo? Anasikia?"

"Hasikii vizuri," nikasema.

Wewe, ambaye ulikuwa unasikia lori la nani linarudi nyuma kule barabarani na kutaja jina la dereva.

Alipoondoka nilifungua pazia. Uji ulikuwa umeganda juu. Ulinitazama kwa lile jicho la kushoto, lililokuwa na kazi ya macho mawili, ukasema, neno moja moja, ukiliburuza kila moja kama gunia:

"Umeanza... chini."

Nikacheka.

Nilicheka, dada. Nilidhani ni utani, na ulikuwa utani, lakini haukuwa utani tu. Nikasema, "We naye!" Nikachukua sindano zangu nikatoka, kulikuwa na dereva ananisubiri. Nikageuka nikaondoka kama mtu mwenye safari.

Sasa ngoja nikuambie kitu ambacho hata Mama Eliza sijamwambia. Nikikuapia kwamba yale maneno yalikuwa biashara tupu, nitakuwa nakuponda mara ya pili. Hayakuwa biashara yote. Asubuhi ile tulikuwa tumebadilisha mashuka mara mbili, Mama Eliza mgongo unamuuma na hasemi, na mimi nilikuwa nimesimama uani nikiwaza jambo ambalo mtu halitamki. Kwa hiyo neno lilipotoka, sehemu yake ilikuwa soko na sehemu yake ilikuwa uchovu, na sijui mpaka leo kila sehemu ilikuwa na uzito gani. Hicho kishikwambi hakikuuliza hilo. Kiliuliza ugonjwa unaonekana mzito kiasi gani, hakikuuliza ni nani anaubeba, wala kama aliyeubeba amelala vizuri.

Siku ya tatu nilifanya jambo la kijinga. Nilisikia wale watu wa utafiti wako kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, wanafunga mizigo. Nikamlipa bodaboda, nikaenda. Zuhura alikuwa anapanga mabegi kwenye gari. "Mwanangu," nikamwambia, "ile kadi ya asiyetembea. Nataka kuongeza."

"Kuongeza nini, baba?"

"Niliianza chini. Weka kwamba hata tisa ya uzima siitaki, nabaki na ile kumi kama ilivyo. Futa lile jibu la kwanza."

Akaweka begi chini. Nadhani alielewa zaidi ya nilivyotaka. "Baba, hairuhusiwi. Yameshatumwa. Na tunachukua lile la siku ile." Halafu, kwa kunihurumia, akasema, "Lakini usijali. Jibu la mtu mmoja halionekani. Linachanganywa na ya wengine wengi, wanatafuta wastani."

Kwa hiyo jua hivyo. Mahali fulani kwenye hesabu za nchi, ndani ya wastani, kuna punje moja iliyooza, ni yangu. Mtaalamu mmoja ataitazama ile hesabu na kusema wananchi wanaionaje hali kama yako, na humo ndani nipo mimi na uso niliokunja.

Utaniuliza: ulipanda pikipiki kuvuka mji mzima kumwambia binti wa watu usiyemjua, na kutoka sebuleni hadi kwangu ni pazia tu? Ndiyo. Kulifungua lile pazia na kusema, "Dada, nimerudi," kulinishinda. Nilijiambia umesahau. Nilijiambia ni utani, ukiurudia unaharibika. Nilijiambia kesho. Kesho zetu zilikuwa nyingi, ulishazoea kufa kesho.

Na wewe hukuniita. Nikikumbuka sasa, naona ulikuwa umekaa mezani kwako, unatazama pengine. Nilipoingia jioni kukusalimu uliuliza, "Sokoni vipi?" Nikajibu, "Soko limetulia." Ukasema, "Mm." Siku nyingine ukauliza, "Wanunuzi wanarudi?" Nikadhani unaulizia maharage. Nikakujibu kuhusu maharage! Nikakueleza habari za mavuno ya Mbozi, sijui mvua, sijui madalali. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukafumba jicho.

Ikapita hivyo miezi saba. Ilikuwa mchana, niko juu ya lori kama hivi, bodaboda akaja hadi chini ya tairi, hakuzima pikipiki. "Lameki, Mama Eliza anasema uje." Sikuuliza. Nilipofika kikombe kilikuwa kimewekwa dirishani, kimeoshwa.

Tulikupeleka Isansa, ukalala karibu na mama. Dada wa nyanya alikuja na basi pamoja na wanawake wa sokoni, akalia kuliko ndugu wengine ambao sitawataja. Aliniambia, "Kaka, yule mama alinidhulumu nyanya miaka mitatu, na sasa sijui nitapita na njia gani."

Baada ya kuanua matanga Mama Eliza alikuwa anapanga nguo zako. Chini ya godoro akakuta kitambaa kimefungwa fundo, akakifungua mbele yangu. Maharage kumi.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Ni miaka yake," akasema.

Akanikalisha. Kumbe siku ile ile ya Zuhura, nilipoondoka na sindano zangu, uligonga kikombe. Mama Eliza, aliyekuwa amesikia yote kutoka uani, akaja, ukamwambia akuletee punje kumi, tena kavu. Ulimwagiza azing'ate kwanza kuhakikisha, maana jino lako la pembeni halikuwa na nguvu tena. Akazing'ata zote kumi. Ukamwambia azipange kwenye sinia na akuulize kama yule binti alivyouliza, kwa sababu mashine ilikosea kuchagua mtu, wewe ndiye uliyeijua ile bidhaa.

"Nikamuuliza," alisema Mama Eliza. "Wifi, hii ni miaka kumi hivi hivi ulivyo, kitandani. Utatoa mingapi usimame utembee? Akaziangalia muda mrefu. Nikadhani analia. Kumbe anakagua. Halafu akasema, 'Kumi tu? Tena ndogo hivi? Mwambie huyo binti aongeze, ndipo tuongee.' Hakutoa hata moja. Akaniambia nizifunge, niweke chini ya godoro, kabla hajabadili mawazo."

Nilicheka, dada. Safari hii Mama Eliza alinishika mkono mpaka kile kicheko kikageuka kikawa kingine.

Kisha nikamuuliza kama ulinikasirikia.

"Nilimuuliza hivyo hivyo," akasema. "Nikamwambia, wifi, maneno ya Lameki yasikuumize. Akasema, 'Yule? Yule nimemfundisha mwenyewe. Mwache atembee. Bado yuko hatua ya tatu. Atageuka.'"

Basi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Zile punje ninazo kwenye kopo la sindano, na dereva akinibania bei na mimi nikilisukuma kopo zinalia humo ndani. Nimejaribu kuendelea na kazi kama zamani, lakini siku hizi kuponda kunanishinda. Juzi dereva wa Lubumbashi alinionyesha turubai lake jipya, nikamwambia, "Kaka, hili zuri sana." Akanitazama kwa mashaka, akadhani namtapeli.

Nimegeuka, dada. Nimezunguka soko zima na nimerudi nimenywea kama wale wanaume wazima. Najua meza haina mtu. Lakini uliniambia asiyerudi si mnunuzi, na sitaki uniweke kwenye lile kundi la wenye midomo michafu. Kwa hiyo naongeza, kwa sauti ile ile niliyopondea, madereva wanisikie: ile miaka kumi ya kitanda, yenye mashuka mara mbili asubuhi, yenye mdomo uliokwenda upande, yenye gonga tatu kwa ajili ya umbea wa mtu aliyepita, naichukua yote. Wala sitaki ipunguzwe kitu. Na safari hii kukuogesha nitajifunza, desturi itanisamehe. Ningepewa hata ile miezi saba irudi, ningeingia kwenye pazia asubuhi ile ile, uji haujaganda, nikasema bei yangu ya kweli mbele ya Zuhura na kishikwambi chake na mwenyekiti na chai yake.

Namwona dereva anakuja na karatasi zake, anakimbia, maana yake amepita. Atataka turubai lake na mimi nitataka kushuka. Kaa ulivyokaa, tazama pengine, usiniite. Nitakuja mwenyewe.

Mdogo wako,
aliyechelewa kugeuka,
Lameki